Ubainifu wa Khofu ya Mwenye Kushika Kalamu

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu, na kumsalia Mtume wake na Aali zake na Sahaba zake, twasema:

Yako maradhi yawapatayo watu wa kalamu ambayo hayampati mkulima wala mwashi. Mkulima akivuna mpunga wake hasemi kwamba mpunga huu si wake na kwamba amewahadaa majirani. Mwashi akijenga ukuta ukasimama, halali macho kwa kukhofu kwamba kesho watu watatambua kuwa hajui kujenga. Walakini mtu amesoma miaka kumi na tano, amekaa mbele ya masheikh, amepewa ijaza, kisha akiandika kurasa mbili za Kiswahili kuwafundisha watu namna ya kutawadha, moyo wake humwambia: Ni nani wewe? Nguo hii umeazima, na siku yaja utakapovuliwa mbele za watu. Bassi huyafunga maandishi yake kitambaani akayaweka darini, mchwa wakayasoma kabla ya Waislamu.

Twaandika haya tukiwa Puge, baina ya Tabora na Nzega, katika nchi ya njia za misafara ya zamani. Lugha hii ya Kiswahili haikuzaliwa kwetu. Ilitujia kwa miguu kutoka mrima, pamoja na msahafu na kanzu. Ndiyo maana maradhi haya huku bara yana tabaka mbili. Mtu wa Mombasa au wa Unguja akishika kalamu, nafsi yake humwuliza swali moja: Je, ilimu yangu yatosha? Mtu wa Puge huulizwa mawili: Je, ilimu yangu yatosha, na je, Kiswahili changu watakicheka? Nasi twawaandikia ninyi ndugu zetu wa pwani kwa makusudi, kwa kuwa swali la kwanza dawa yake imo vitabuni, na la pili nusu ya dawa yake imo vinywani mwenu.

Wazungu nao wameitambua khabari hii. Mwaka 1978 wanawake wawili wa Marekani, wataalamu wa mambo ya nafsi, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika juu ya wanawake waliofaulu sana katika masomo na kazi zao, nao ndani ya nafsi wakiamini kwamba wamefaulu kwa bahati tu, au kwa kuwakosesha waliowapima. Uchunguzi wao ni mzuri, ila si wa kwanza. Watu wetu waliijua hali hii zamani, wakaitia katika mlango wa nifaki na ikhlasi.

Mwenye kuuliza akiuliza: Katika Sahaba yuko aliyejiona hivi? Jawabu: Yuko, naye alikuwa mwandishi. Ni Hanzala al-Usayyidi, Mungu amridhie, mmoja katika makatibu wa Mtume, sala na salamu zimshukie. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba alikutana na Abubakari, akamwambia kuwa yeye Hanzala amekuwa mnafiki. Alipoulizwa sababu akaeleza kwamba wakiwa mbele ya Mtume hukumbushwa Pepo na Moto hatta wakawa kama wanaoviona kwa macho, kisha wakitoka wakashughulika na wake na watoto na mashamba, husahau mengi. Abubakari akajibu kwamba na wao yawapata hayo hayo. Wakaenda wote wawili kwa Mtume, naye akawaambia kwamba lau wangedumu daima katika hali wanayokuwa nayo mbele yake, malaika wangewapa mikono vitandani na njiani. Lakini kwa mwanadamu kuna saa ya hili na saa ya lile.

Tuizingatie khabari hii, kwa maana watu huipita upesi. Hanzala alikwisha kujihukumu. Hakusema kuwa anakhofu, alisema amekuwa. Lakini hakukaa nyumbani na hukumu yake. Aliitamka kwa mtu, na mtu huyo alikuwa mkubwa kuliko yeye, na yule mkubwa akamwambia kuwa naye ana hali hiyo. Laiti wanachuoni wetu wangewaambia wanafunzi wao maneno kama hayo mara moja tu kwa mwaka! Mwanafunzi amwona sheikh wake akijibu mas'ala kama maji yatokayo bombani, adhani kwamba sheikh hana usiku wa shaka. Na Hanzala hakuvuliwa sifa yake. Mpaka leo vitabu vyamwita Hanzala al-Katib, yaani Hanzala mwandishi.

Tena kuna khabari iliyo kubwa zaidi, nayo ni ya Zaid bin Thabit. Baada ya vita vya Yamama, walipokufa wasomaji wengi, Abubakari alimtaka Zaid aikusanye Kurani. Zaid aliona kwamba lau angeamrishwa kuuhamisha mlima, usingekuwa mzito kwake kuliko jambo hilo. Sasa angalieni Abubakari alimjibu nini. Hakumsifu kwa kumwambia kuwa yeye ni bahari ya ilimu, wala hakumwambia aache khofu. Alimhesabia mambo manne: kwamba yu kijana, kwamba ana akili, kwamba hawana la kumtuhumu, na kwamba alikuwa akimwandikia Mtume wahyi. Yote manne yajulikana na killa mtu wa Madina. Hakuna hatta moja lililo la dhana.

Na Zaid alipokubali, hakuutegemea moyo wake, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mwenye kuhifadhi. Alifuata maandishi katika makuti na mawe membamba, na yaliyomo vifuani mwa watu. Na imepokewa kwamba waliketi mlangoni mwa msikiti, wasiandike kitu ila kwa mashahidi wawili. Khofu yake hakuiondoa kwa kujipa moyo. Aliigeuza ikawa uangalifu katika kazi. Mlima ulibaki mlima, lakini uliandikwa kipande kwa kipande.

Hapa ndipo inapoingia kaida ambayo killa mtoto aliyefika mlango wa tohara katika madhehebu yetu ya Shafi'i aijua: yakini haiondoki kwa shaka. Mtu ana yakini kwamba ametawadha, kisha akatia shaka kama udhu umemtoka. Hukumu ni kwamba udhu wake uko, wala asiiache sala mpaka asikie sauti au apate harufu. Hatuambiwi tupime wingi wa shaka, wala tungoje mpaka iishe. Yaweza kubaki, na mtu asali nayo. Bassi vipi mtu huyu huyu anayewafundisha watu kaida hii chuoni asubuhi, akishika kalamu usiku huifanya shaka kuwa kadhi na yakini kuwa mshitakiwa?

Na ahesabu yakini zake kama Abubakari alivyomhesabia Zaid. Nimekisoma kitabu gani, kwa nani, mara ngapi? Nimekisomesha kwa wangapi? Mas'ala hii ninayotaka kuiandika, nimeiona kwa macho yangu kitabuni au nimeisikia barazani? Akipata majawabu, hayo ndiyo mali yake, na aandike kwa kiasi cha mali yake. Kuhusu swali la kama yeye "anastahili", hilo si mas'ala ya fikihi. Halina jawabu duniani, na mwenye kulingoja jawabu lake atangoja mpaka kiyama. Sheikh Abu Muhammad al-Juwaini, baba wa Imamul Haramain, alitunga kitabu kizima juu ya waswasi katika ibada; watu wa kalamu wafaa kuusoma mlango huo kama watu wa udhu wausomavyo.

Lakini tusiseme kwamba killa khofu ni waswasi. Huo utakuwa ni udanganyifu, na twawaona leo watu wawapao moyo wengine bila hisabu, wakamwambia asiyejua kuwa aandike tu. Mtume ametuonya juu ya mtu ajionyeshaye kwa kitu asichopewa, akamfananisha na mwenye kuvaa nguo mbili za uwongo. Mtu huyo yuko, na nchi haijamkosa. Mtu hakusoma ila mafunguo matatu, akatoa fetwa za talaka. Huyu ndiye mghushi wa kweli, na ajabu yake ni kwamba mara nyingi halali ila usingizi mzito. Wala kukhofu kwako si ushahidi kwamba wajua. Wako wakhofuo kwa haki, nao yawapasa waweke kalamu chini warudi chuoni.

Twazipambanuaje khofu hizi mbili? Kwa mahali zinapompeleka mtu. Iko khofu inayokuinua kitandani ukafungue Minhaji uangalie tena ibara, ukamwulize aliyekupita. Ukirudi, karatasi imetengenezeka. Hiyo ni neema, na asiyekuwa nayo asiandike dini. Na iko khofu inayokupeleka mbali na kitabu na mbali na karatasi pamoja, haitaji mstari wala neno lenye kosa, yakutaja wewe tu. Ukiiuliza: kosa liko wapi? haina la kusema. Hiyo ndiyo waswasi, nayo haijibiwi kwa hoja, kwa kuwa haikuja na hoja.

Tena waswasi huu una gharama, wala gharama hailipwi na mwandishi peke yake. Tazameni yaliyotukia kwetu Afrika ya Mashariki. Unguja, Lamu na Mombasa zilikuwa na wanachuoni ambao Kurani na tafsiri zake walizijua kama watu wajuavyo njia za nyumbani mwao. Walisomesha tafsiri misikitini kwa mdomo, kwa Kiswahili, killa Ramadhani. Lakini kuiandika kwa Kiswahili ikapigwa chapa? Wengi walirudi nyuma. Walikuwa na sababu za kisharia, nazo zataka heshima, kwani wanachuoni wamekhitalifiana sana juu ya kufasiri. Walakini twaona kwamba ndani ya sababu hizo ilijificha pia ile sauti: Ni nani mimi? Walipokuwa wakijiuliza, padri Godfrey Dale, wa misheni ya Waingereza huko Unguja, alipiga chapa tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1923. Mwaka 1953 Maahmadiya wakatoa yao. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932 akisema na Waislamu kwa lugha yao, aliianza tafsiri, naye akafa mwaka 1947 kabla ya kuimaliza. Sheikh Abdulla Saleh Farsy wa Unguja ndiye aliyefikisha tafsiri, kwa kazi yake mwenyewe. Aliitoa sehemu sehemu, hatta mwaka 1969 ikatoka nzima. Bassi tangu 1923 hatta 1969 ni miaka 46. Muda huo, Mwislamu asiyejua Kiarabu aliyetaka kusoma Kurani nzima kwa Kiswahili alikuwa na kitabu cha padri asiyeiamini mkononi, au baadaye cha Maahmadiya, kwa sababu wanachuoni wetu walikuwa wakiona haya.

Na kwetu Tabora uko mfano mwingine, tuutaje kwa ufupi. Mtu aliyetuandikia kwa Kiswahili khabari za njia hii ya misafara si mwanachuoni wala mcha Mungu aliyekaa Unyanyembe. Ni Hamed bin Muhammed al-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, mfanyi biashara ya pembe na watu, ambaye maisha yake aliyaandika kwa mkono wake, yakapigwa chapa Berlin mwaka 1902 na 1903. Hatusomi katika maandishi hayo kwamba alijiuliza kama astahili. Leo mtafutaji wa khabari za Tabora ya zamani huanza kwake, naye huona kwa macho yake.

Akipinga mpingaji akasema: Mbona Imamu Nawawi, mwenye Minhaji, alimwamrisha mwanafunzi wake Ibnul Attar asimamie kuoshwa kwa madaftari kama elfu yaliyoandikwa kwa mkono wake, wino ukafutika? Na mbona Mawardi, katika wakubwa wa madhehebu yetu, vitabu vyake hakuvidhihirisha katika uhai wake? Twajibu: khabari zote mbili zimepokewa, na watu huzifanya kibali cha kuchoma madaftari. Lakini zisomwe mpaka mwisho. Ibnul Attar aliyetii amri ile ameandika kwamba majuto yake hayajamtoka moyoni. Na Nawawi huyo, aliyekufa mwaka 676 Hijria akiwa na miaka kama arobaini na mitano tu, alituachia Minhaji, na Riyadhu Salihina, na Adhkari, na sherehe ya Muslim. Aliyefuta elfu alikuwa ameandika zaidi ya elfu. Wewe hujaandika kumi, wataka kuiga kufuta kabla ya kuiga kuandika?

Amma Mawardi, aliyekufa mwaka 450, husimuliwa kwamba alimwambia mtu amtie mkono mkononi wakati wa kukata roho: akiufumba, vitabu vitupwe mtoni Dijla usiku, akiukunjua, ni alama kwamba nia imekubaliwa. Naye akaukunjua. Lakini Taju Din Subki, katika Tabaka zake, aliitia khabari hii mizani, akasema huenda yahusu kitabu cha Hawi tu, kwa kuwa yeye mwenyewe ameona vitabu vingine vya Mawardi vyenye khati yake, vilivyosomwa mbele yake akiwa hai. Huo ndio uangalifu wa wanachuoni. Hatta hadithi inayowafurahisha wanyonge wa moyo, wao huipima kwanza.

Sasa tuje kwa lile swali la pili, lililo lenu. Kijana mmoja wa hapa, ambaye tumemsomesha Safina na Abu Shujaa, aliandika sherehe ya Safina kwa Kiswahili chepesi kwa ajili ya watu wa vijijini. Tuliipitia, na fikihi yake ni sahihi. Katika mlango wa maji aliifikia mas'ala ya kulateni, ile kula mbili ambayo maji yakiifikia hayanajisiki mpaka yabadilike. Ninyi mna bahari; mas'ala hii kwenu ni ya kuhifadhi kwa mtihani. Hapa kwetu mwisho wa kiangazi maji ya kisima cha mbugani hubaki kidogo, kuku ameingia, na watu husimama ukingoni wakigombana kama wasali au watayamamu. Kijana yule akaeleza kwa madebe: kwamba kwa vipimo vya sasa wanachuoni wamekadiria kama lita 200 na zaidi kidogo, nayo ni kama debe kumi au kumi na moja zile za lita 20. Akachora na kisima. Hatujaiona sherehe nyingine iliyomfaa mtu wa mbugani kiasi hicho.

Alikuja mgeni kutoka pwani, mtu mwenye kanzu nzuri na ilimu si haba. Kijana akamsomea, kisha akampa daftari. Mgeni hakuona kosa katika fikihi. Aliona kwamba kijana ameandika "sara" mahali pa "sala", maana ndimi zetu huku herufi hizi mbili huzichanganya, akacheka, na waliokuwapo wakacheka pamoja naye. Kosa la herufi moja ni kazi ya nusu saa, kwa wembe na wino. Kicheko hakina wembe. Daftari limo sandukuni mwa kijana mpaka sasa, na kisimani ugomvi unaendelea.

Enyi ndugu zetu, lugha ikitoka nyumbani ikasafiri miezi mitatu kwa miguu, hurudi na vumbi. Mfuteni vumbi mgeni wenu, msimrudishe mlangoni. Na wewe kijana wa bara, ilimu ya kisima chako ni yako, hakuna mtu wa Lamu awezaye kuiandika badala yako. Mwana Kupona binti Mshamu, alipoandika utenzi wake mwaka 1858, mgonjwa, hakuandika kwa ajili ya mabingwa wa Pate. Alimwandikia binti yake. Mwandishi na amtafute mtu wake mmoja, ajue jina lake na shida yake, amwandikie huyo. Waswasi huongezeka kwa wingi wa nyuso tunazozifikiria.

Tena watunzi wa tenzi wa kale walikuwa na ada iliyo nzuri: mwishoni huwaomba wajuao waondoe makosa watakayoyaona. Wengine siku hizi hudhani kwamba ni maneno ya kupamba. Twaona kwamba ilikuwa dawa. Mtunzi aliyekwisha kutangaza kwamba kazi yake ina makosa hawezi tena kufichuliwa, kwa kuwa hakuna alichoficha. Amewafanya wasomaji wasahihishaji, na kazi ya kusahihisha ina heshima kuliko kazi ya kucheka.

Imebaki mas'ala moja: kosa likionekana baada ya kupigwa chapa, afanyeje? Hili ndilo liwatishalo wengi, kana kwamba kosa lililochapwa ni aibu isiyo na dawa. Tumtazame Imamu wetu Shafi'i mwenyewe. Alikuwa Baghdad, ana vitabu na wanafunzi. Kisha akahamia Misri, akaishi huko miaka kama minne au mitano mpaka alipokufa mwaka 204 Hijria, na katika muda huo akayarudia mengi aliyokwisha kuyasema, na Risala akaiandika upya. Madhehebu yetu yakaitwa yenye kauli mbili, ya kale na mpya, na hakuna aliyesema kwamba Imamu amevuliwa nguo. Imepokewa pia kwa Muzani kwamba Risala ilisomwa mbele ya Shafi'i mara themanini, na killa mara hakukosa kuona kosa, mwishowe akaacha, akisema kwamba Mungu amekataa kiwepo kitabu kilichosalimika isipokuwa Kitabu chake.

Bassi mwenye kuona kosa katika kijitabu chake na aandike karatasi moja: ukurasa wa ngapi, mstari wa ngapi, palikuwa nini, na pawe nini. Aitie mwanzoni mwa kijitabu kifuatacho, wala si mwishoni kwa herufi ndogo. Nakala zilizobaki kwake azitengeneze kwa mkono, na zile zilizokwisha kwenda Tabora au Bagamoyo apeleke khabari kwa waliozichukua. Na aliyemwonyesha kosa amtaje kwa jina, kwa idhini yake, na amwombee dua.

Wallahu aalam.